Mbwa Asiye na Kondoo

Tangu tutoke Masasi, mbwa wa mwalimu Modest hakutulia hata kidogo ndani ya Landrova. Abiria akisogea pembeni, alimsukuma kwa pua arudi kwa wenzake. Mimi nilisukumwa nikatii. Nauli nilishalipa, ubishi wa nini?

"Asiniguse, mwalimu, nina udhu," alisema mama mmoja, akivuta khanga zake.

"Samahani, mama. Nimeachiwa na Mzungu wa mradi aliyerudi kwao. Huko mbwa wa aina hii huchunga kondoo. Kwangu anachunga kuku, watoto, hata kina mama kwenye foleni ya maji. Sasa namfundisha kukaa."

"Humfundishi, unamtesa. Mtafutie mbuzi."

"Mbuzi? Waje kula miche ya mikorosho ya watu? Atazoea tu."

"Azoee nini? Baba Nuria, mume wangu, tangu kiwanda cha korosho alichokuwa msimamizi kifungwe huamka alfajiri, huvaa buti, hutupanga mstari mimi na wanangu tubangue korosho za kula. Akimaliza kutupanga, anatupanga upya."

"Lakini huyo ni binadamu, mama."

"Kwani mimi nimesema ni nini?"

Newala gari likasimama, tukashuka na kutawanyika. Mbwa akachomoka, akatuzunguka mpaka tukawa fungu moja na mizigo yetu.

"Kaa!" mwalimu alifoka.

Mbwa akakaa. Miguu ilimtetemeka, na macho yake yakamfuata kila aliyeondoka.

Yule mama alisimama akimtazama. "Baba Nuria naye," alisema, "hukaa hivyohivyo."