Usiku Kinu Kiliponyamaza

Kwanza dirisha la nyuma liling'oka, halafu miguu, miguu mingi, kama ng'ombe walionusa simba, halafu sauti ya mwanaume ikapasua usiku: Polisi! Mimi nilikuwa chumba cha mbele namnyonyesha Luciana, maana meno yanamtoka na alikuwa amelia mpaka nikaacha kutwanga unga wa vitumbua, na niliposikia hilo neno polisi nikazima koroboi, nikajifunika kanga mimi na mtoto, nikangoja mlango wangu upigwe teke. Haukupigwa. Gizani humohumo nikakoroga unga kama ulivyokuwa, alfajiri nikakaanga, nikaenda kijiweni kwa Nazari, kwa sababu hapa Ifakara ukitaka kujua la usiku bila kuonekana unauliza, unakaa pale na sinia lako na kusikiliza. Kijiwe chenyewe ni benchi lenye mguu wa tofali karibu na stendi ya malori ya mpunga. Nazari anamimina kahawa. Mzee Kifungu, aliyekuwa tarishi wa mahakama ya mwanzo, anatoa vifungu vya sheria. Ngusa wanamwita Mnada, Msukuma wa ng'ombe, kwa sababu hesabu yoyote ikifika kwake hupanda bei. Na Reli, aliyekuwa anapanga mataruma Mlimba mpaka akapunguzwa kazi, anabisha. Mimi wananijua kwa sinia, si kwa mlango. Hakuna aliyewahi kuuliza nimepanga wapi tangu Baba Luciana aende Namawala kuwinga ndege kwenye mpunga.

—Mama Luciana, alisema Mzee Kifungu akiuma cha kwanza kabla sijaweka sinia chini, leo umetuuzia vitumbua au kokoto?

—Nisamehe, mzee wangu. Shikamoo.

—Marahaba. Meno haya ndiyo niliyotoka nayo mahakamani, usiyamalize.

—Mwache binti, alisema Mnada, chenga husafisha tumbo. Mmesikia ya kwa Bibi Ursula? Nyumba ya kamari imevamiwa!

Bibi Ursula ndiye mwenye nyumba wangu. Nikainama nikajifanya napanga vitumbua.

—Nimesikia, alisema Mzee Kifungu. Walikuja polisi wanne. Sheria inataka wanne. Mmoja mlangoni, mmoja dirishani, mmoja wa kushika ushahidi.

—Hao watatu, mzee.

—Wa nne anashika sheria yenyewe.

—Wanne wapi! Kumi na wanne, alisema Mnada. FFU, wale wa kutuliza ghasia. Wametoka Mlimba na treni ya usiku.

—Treni gani? Reli akaruka, kisha akashika kiuno. Jana hakuna treni iliyosimama.

—Ndiyo maana hukuiona. Waliruka ikiwa inatembea.

Hapo wote tukamtazama Reli vizuri. Alikuwa na ndala moja, mguu wa pili umefungwa kitambaa, na mikono yote imechanwachanwa.

—Na wewe umechanwa na nini? aliuliza Mzee Kifungu.

—Michongoma. Nilikuwa namtafuta kuku wangu.

—Usiku?

—Kuku wangu ni wa usiku.

—Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

—Sijavunjika, nimeteguka. Methali hiyo hainihusu. Ila nina rafiki yangu, yeye ndiye alikuwemo mle ndani.

—Rafiki yako naye ana ndala moja?

—Nyingine imebaki dirishani. Ya rafiki yangu. Sasa nisikilizeni. Yeye anasema huu ni usaliti mtupu. Pale kwa Bibi Ursula hakuna mtu wa kupiga mluzi wala wa kukohoa, hayo mambo ya kizamani. Pale wana kinu.

—Kinu?

—Kinu! Mbele ya nyumba kuna mtu anatwanga. Kikilia, cheza. Kikinyamaza kidogo, kuna mpita njia, shusha sauti. Kikinyamaza sana, hao polisi, kila mtu na mguu wake. Jana kilinyamaza, kikanyamaza, kikanyamaza. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, tukaruka.

—Mkaruka?

—Wakaruka.

Kitumbua nilichokuwa nampa Mnada nikakirudisha siniani. Bibi Ursula ndiye aliyenionyesha pa kuweka kinu, mbele kabisa, njiani, akasema uani kuna wageni wake wanaongea habari za ukoo, na akanifundisha kwamba mtu akipita usiku niache kutwanga, niushike mchi, nimwamkie mpaka apite, maana nyumba yake haijawahi kuwa na mwanamke anayetwanga huku mkubwa anapita, na mimi nikaona ni adabu, nikamwandikia hata mama yangu kule Sanje kwamba mwenye nyumba wangu ananilea kama mwanawe. Kidato cha nne nimemaliza, Siasa nilipata C, na sikujua kwamba mimi ni kengele. Na kama kengele ni mimi, na aliyeninyamazisha ni Luciana, basi hao polisi je? Nikajaribu kukumbuka kama nilisikia buti hata moja. Sikukumbuka. Nikaogopa kuliko usiku.

—Na anayetwanga ni nani? aliuliza Mzee Kifungu.

—Bibi Ursula anasema ni mjukuu wake, bubu. Wao hupita uani, hawajawahi kumwona. Walimwamini kwa sababu hiyohiyo, bubu hatasema.

—Sasa bubu amewaambiaje polisi?

—Kwa kunyamaza! Bubu husema kwa kunyamaza! Wamempa kitu kidogo, akanyamaza. Kikulacho ki nguoni mwako, mzee. Mimi nikimpata huyo bubu, haki ya Mungu atasema. Reli akajishika koo kuonyesha atakavyomshika.

—Utamwahi? Polisi watamshika kwanza.

—Si mtu wao?

—Sheria haina mtu wake. Sheria ya nyumba za kamari, kifungu cha mia moja na kumi na tisa...

—Kifungu hicho juzi ulisema ni cha wizi wa kuku.

—Kuku naye aliibwa ndani ya nyumba! Inamshika mwenye nyumba, inamshika mchezaji, inamshika aliyekutwa amekaa tu, inamshika anayelinda mlango, inamshika anayepiga mluzi. Mwenye kinu ni mluzi huyo. Jela.

—Hata kama hajui? niliuliza. Sauti ilitoka kabla sijaituma.

—Kutojua sheria si utetezi, mwanangu.

—Si sheria, mzee. Hajui kwamba kinu ni... hajui kinu.

—Mtwangaji hajui kinu! alisema Mnada, na wakacheka wote. Mimi nikamvuta Luciana kutoka mgongoni nikampakata, nikawaza kama gerezani wanampokea mtoto anayenyonya au wanamwacha getini, na nani atamfikia Baba Luciana kule kwenye dungu lake la kulindia mpunga amwambie. Na kama si gereza, basi ni mkono ule wa Reli wenye michubuko.

—Mimi kuna kitu sielewi, alisema Mnada. Bahati nasibu ya serikali mbona inatangazwa redioni?

—Ile ina kibali.

—Kibali kinabadilisha nini?

—Kinabadilisha mbio. Asiye nacho huruka dirishani, mwenye nacho hutangaza redioni.

—Basi mimi nawaambia ukweli, Mnada akainama mbele na sisi tukainama. Waliotoa habari ni wale watu wa utafiti wa mbu. Kale kataa kenye feni wanakotundika kando ya kitanda, kanavuma vuuu usiku kucha, mnadhani kananasa mbu? Kananasa sauti! Mbu ni kisingizio. Asubuhi wanakuja kuhesabu mbu, kumbe wanahesabu karata.

—Mbona kwangu walikaweka na sichezi? aliuliza Nazari.

—Ndiyo maana polisi hawakuja kwako.

Nazari akafikiri. Kisha akatazama ubao wa drafti uliokuwa kati ya Mzee Kifungu na Mnada, visoda vyake vimejaa katikati.

—Mzee, na hii? Anayefungwa ananunua kahawa. Hii nayo si kamari?

Kisoda kikabaki juu mkononi mwa Mzee Kifungu.

—Hii ni michezo.

—Lakini kuna anayeliwa.

—Kahawa si kitu.

—Kahawa yangu si kitu? Nazari akauchukua ubao, visoda vikamwagika, akaukalia. Mimi mwenye nyumba wenu sitaki jela.

—Nyumba gani? Hili si benchi?

—Shikamooni wazee.

Alikuwa kijana mgeni, sweta la polisi, buti zina vumbi jekundu. Reli akaficha mguu wake chini ya benchi. Nazari akajikaza juu ya ubao kama kuku anayeatamia.

—Marahaba afande, alisema Mzee Kifungu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Afande hakujua alipokewa au alifukuzwa, akakaa. Akachukua kitumbua, akalipa, lakini hakula.

—Naitwa Jofrey, nimehamia juzi. Nina shida ndogo, wazee wangu. Leo asubuhi mkuu wetu ametupanga mstari akatupongeza kwa kuvamia nyumba ya kamari. Tukapiga saluti. Baadaye tukaulizana. Zamu ya usiku wakasema ni zamu ya jioni, zamu ya jioni wakasema ni wapelelezi, wapelelezi wakasema walidhani ni sisi. Kumbe mkuu mwenyewe ameambiwa na mke wake, na mke wake ameambiwa sokoni. Sasa nimetumwa niulize kwa adabu tu. Hao polisi wa jana, nani aliwaona kwa macho yake?



—FFU kumi na wanne, Mnada akaanza, kisha akapoa. Nilisikia.

—Kwa nani?

—Nani hajui? Kila mtu anasema. Reli, si unasema?

—Mimi nilisikia kwa rafiki yangu.

—Rafiki yako yuko wapi?

—Amesafiri.

—Afande, alisema Mzee Kifungu akijifuta jasho, swali lako ni zuri, ila kisheria aliyewaona ni aliyekuwemo, na aliyekuwemo hayupo.

Afande Jofrey akakubali kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akauma kitumbua, na sote tukasikia krr.

—Mama, hiki kina chenga. Hukumaliza kutwanga?

—Mtoto alilia, afande, nilikuwa natwanga akalia, nikaweka mchi chini nikaenda kumnyonyesha, meno yanamtoka, akakataa kulala, sikurudi tena kinuni usiku kucha, sikurudi, na sikuona mtu yeyote.

Niliyasema yote kwa pumzi moja, hakuna aliyeniuliza hata nusu yake.

—Pole sana, alisema afande. Wa dada yangu alikuwa hivyohivyo. Mpe kiazi kilichopoa atafune.

Akamaliza kitumbua chake, akashukuru, akaondoka zake njia ya sokoni, amebeba kesi nzima tumboni na hajui.

Lakini benchi lilijua. Mnada aliacha kutafuna. Reli alinitazama mimi, akatazama sinia, akamtazama Luciana, kisha akaanza tena kwangu.

—Wewe si bubu.

—Hapana, anko.

—Unakaa kwa Bibi Ursula.

—Chumba cha mbele.

—Na polisi...

—Sikuona polisi, anko, haki ya Mungu. Niliposikia mtu anapiga kelele za polisi ndipo nikajua wamefika.

—Aliyepiga kelele ni mimi, alisema Reli taratibu, na rafiki yake hakurudi tena kwenye maneno.

Akanyanyua ule mkono. Nikageuza bega, mtoto nikamweka upande wa pili. Mkono ukapita mbele ya uso wangu, ukachukua kitumbua, na Reli akakitafuna, krr, krr, macho yamemtoka, kama anaonja ushahidi.

Mnada ndiye aliyeanza kucheka, mpaka kahawa ikamtoka puani.

—Wanaume ishirini! Wanaume ishirini wamekimbizwa na jino!

—Tulikuwa sita!

—Na kisheria, alisema Mzee Kifungu, jino lenyewe bado halijatoka.

Wakacheka, mimi sikuweza.

—Mzee Kifungu, nilisema, niambie basi. Mpaka jana nilikuwa sijui, leo najua. Leo usiku nikitwanga, mimi ndiye mluzi wako, jela. Nisipotwanga, mimi ndiye bubu wa anko Reli. Nikitwanga na mtoto akilia nikaacha, watavunja dirisha lingine na mkuu wa polisi atapongeza tena. Nifanye nini?

Mzee Kifungu akasogeza kikombe chake kwa Nazari, aongezewe. Nazari akainamisha birika juu ya kikombe cha mzee, yakatoka mashapo.

—Kahawa imekwisha, alisema, kama ndilo jibu.

Nikafunga sinia. Lori la Namawala lilikuwa linapakia magunia matupu, na nilikuwa nimeshaamua, bila wao, kwamba leo hii kinu changu kinapanda juu yake na mimi na mtoto tunapanda nacho. Kule kwenye mpunga nikitwanga, ndege watajua mtu yupo, nikinyamaza, watakuja kula, na hakuna sheria inayomshika mtu kwa hilo.

Nilipokuwa namrudisha Luciana mgongoni akastuka, akalia, mlio mmoja tu, mkali. Reli alikuwa ameshasimama kwa mguu mmoja, uso kaelekeza vichakani, kabla hajajua kwa nini. Tukamtazama. Akakaa polepole, akajikung'uta suruali.

—Mama Luciana, dada yangu, ya usiku yamepita, ulikuwa hujui. Lakini hili la sasa hivi...

—Simwambii mtu mwingine, anko.