Miaka Thelathini na Minne ya Kupanda Ngazi, na Barua Moja

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, msimamizi wa zamu ya kwanza katika Idara yetu ya Usafi na Maji atakabidhi glavu, koti la mvua na ufunguo wa kabati namba kumi na moja, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Katika muda wote huo alikosa kazini siku tisa tu: sita za homa, mbili za msiba wa mama yake, na moja ya harusi ya bintiye mkubwa. Hata siku hiyo ya harusi alipitia karakana alfajiri, akiwa na suti na viatu vinavyong'aa, kuhakikisha gari la taka limeondoka.

Wakazi wanamwita Saa Moja, na sisi ofisini tukalichukua jina hilo kwao. Alijiunga na idara akiwa na miaka ishirini na sita, mpakiaji wa nyuma ya gari, na tangu wiki ya kwanza alipangiwa Mtaa wa Ngazi. Asiyeufahamu mtaa huo aelewe kwamba hauna barabara. Una vipandio mia moja arobaini na sita vya saruji, kaya arobaini na moja kushoto na kulia, na gari haliwezi kupita hata kwa ndoto. Kwa hiyo wapakiaji walipanda kwa miguu, wakachukua mifuko ya taka milangoni, wakashuka nayo begani. Saa moja kamili asubuhi filimbi yake ililia chini ya ngazi, na wapo watu wazima leo ambao walijifunza kusoma saa kwa filimbi hiyo.

Hadithi zake ni nyingi, na dereva aliyefanya naye kazi kwa miaka kumi na tisa hachoki kuzisimulia. Ipo ya meno ya bandia aliyoyakuta yamefungwa kwenye gazeti, ndani ya mfuko uliokuwa umepasuka katikati ya ngazi. Hakugonga mlango wa mtu kuuliza, kwa sababu swali lenyewe lingekuwa aibu. Alipanda akiwasalimu watu kama kawaida, mpaka akafika kwa mwalimu mstaafu ambaye kwa miaka hakuwahi kujibu salamu kwa chini ya dakika tano. Asubuhi hiyo mwalimu alitikisa kichwa tu. Saa Moja akaliweka gazeti dirishani, akasema hali ya hewa ni nzuri, akaendelea na safari. Kesho yake alijibiwa salamu kwa dakika kumi.

Tena alikuwa na sikio. Dereva anadai mzee husikia maji yanayovuja chini ya saruji kama wengine tunavyosikia redio ya jirani. Nimehesabu fomu zake za taarifa katika kumbukumbu za idara: ni mia mbili na kumi na mbili, zote zimeandikwa kwa herufi kubwa, zikitaja kipandio, upande na saa. Wakati wa ukame uliotokea miaka kumi iliyopita ndiye aliyewazoesha akina mama wa mtaa huo kuoshea mapipa ya taka kwa maji yaliyobaki ya kufulia, muda mrefu kabla idara haijaligeuza wazo hilo kuwa kanuni na kuliita letu.

Hakuwahi kuomba makuu. Alikataa mara mbili kuhamishiwa ofisini. Kitu kimoja tu alikuwa akikizungumzia, na kila aliyefanya naye kazi anakijua: Cheti cha Utumishi Safi, anachopewa mstaafu ambaye jalada lake halina barua ya onyo hata moja. Mabinti zake wawili wana vyeti vyao vya chuo ukutani sebuleni. Mkewe alishaacha nafasi katikati.

Ijumaa hii hatakipata. Wenzangu kadhaa wamenishauri nilipite jambo hili kimyakimya, kwamba wasifu wa kuagana ni mahali pa kucheka na kupongezana. Nimewasikiliza na sikubaliani nao. Wasifu unaoruka jambo ambalo kila mtu ukumbini analijua si adabu, ni uoga uliovaa tai. Tena barua ya onyo iliyomo katika jalada lake niliiandika mimi.

Mwaka jana mvua zilipogoma, idara iliamua mambo mawili kwa pamoja. Maji yangefunguliwa Jumanne na Ijumaa tu, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na ilikatazwa kuosha magari au kumwagilia bustani kwa mpira. Taka nazo zingezolewa mara mbili kwa wiki, na kila mkazi angezileta mwenyewe kwenye barabara kuu kabla ya saa mbili. Kuziweka nje tangu jana yake kulipigwa marufuku kwa sababu ya mbwa. Nilikabidhiwa kazi ya kuandaa ratiba na tangazo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi minane tu kabla, nimesoma vitabu vya mipango miji mpaka macho yananiuma, na nikapata wazo ambalo lilinivimbisha kichwa: taka na maji siku zile zile, ili wakazi wakumbuke siku mbili badala ya nne. Nikaandika juu ya tangazo, kwa herufi nene: Jumanne na Ijumaa, Kumbukumbu Moja.

Kwenye mkutano wa kupitisha ratiba, Saa Moja alisimama nyuma ya chumba, kofia mkononi. Akaeleza kwamba siku za mgawo maji hayana nguvu ya kufika nyumba za juu, kwa hiyo walio juu ya kipandio cha mia moja na ishirini huteka kwenye bomba la pamoja katikati ya ngazi, kwa foleni. Akauliza, kwa upole, mtu anayeishi na mgonjwa atakuwa wapi saa moja na nusu asubuhi: bombani na ndoo, au barabarani na taka. Akaomba wapakiaji waendelee kupanda. Nilimjibu kwa hotuba. Nilitaja tafiti, nilitaja mazoea ya binadamu, na nikahitimisha kwamba kaya ya kawaida katika mji huu ina wastani wa watu wanne na nusu, ambao wanaweza kabisa kugawana kazi mbili.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Na huyo nusu mtu, yeye atabeba ndoo au atabeba taka?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Nilicheka nao, kwa meno tu. Ratiba ilipita kwa sababu ilikuwa na majedwali na pingamizi lake halikuwa nayo, na kuanzia siku hiyo wapakiaji waliamriwa kutovuka kipandio cha kwanza. Huko karakana nikapewa jina langu, Bwana Ratiba, na sikulipenda.

Mwishoni mwa Januari ilifika mezani kwangu fomu ya herufi kubwa. Bomba linavuja chini ya kipandio cha mia moja na kumi na mbili, upande wa kushoto, Jumanne, saa moja na dakika ishirini; maji hayaonekani, yanasikika. Mtu mwenye akili angeipeleka fomu hiyo kwa mafundi bomba. Mimi niliuliza swali nililoliona la kijanja zaidi: msimamizi aliyeamriwa kubaki chini amelisikiaje bomba la juu? Niliandika barua ya onyo, kurasa mbili, vifungu vimepangwa kama askari wa gwaride, na ile fomu nikaiambatisha kama kielelezo. Wiki iliyofuata alileta fomu ya pili ya bomba lile lile. Nayo niliiambatisha, kuthibitisha kwamba amerudia kosa. Aliitia sahihi barua, akaomba arudishiwe kalamu yake.

Bomba lilivuja siku kumi na tisa. Liliacha kuvuja siku ambayo Saa Moja, baada ya zamu, aliwaendea mafundi kwa miguu yake na kuwaongoza mpaka kwenye kipandio. Kwa makadirio yao, maji yaliyopotelea chini ya saruji ile yalizidi maji yote ambayo mtaa huo ulikuwa umeyaokoa kwa miezi miwili ya mgawo. Watu walikuwa wamekaa foleni na ndoo sita sita, huku tunachowanyima kinatiririka chini ya nyayo zao, na karatasi inayosema hivyo imebanwa kwa pini nyuma ya hoja zangu.

Taarifa ya mafundi ilinifanya nipande ngazi hizo kwa mara ya kwanza. Ndiyo, kwa mara ya kwanza. Ratiba niliipanga kwa ramani. Katika nyumba ya mwisho juu kabisa anaishi fundi cherehani, mama wa makamo, na mumewe aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Alinieleza bila kunyanyua macho kutoka kwenye mshono. Tangu ratiba mpya, siku za maji alichagua maji, kwa sababu mgonjwa ni wa kuogeshwa. Taka alizilimbikiza bafuni, wiki tano, akificha hata kwa majirani. Huko chini Saa Moja aliona mfuko wake umekosekana wiki tano mfululizo, na Jumanne ya sita akapanda peke yake. Alishuka na mifuko yote kwa safari tatu. Katika safari ya pili ndipo alipolisikia bomba.

Yule mama akaniuliza kama ni mimi niliyempa barua kaka yake, ndivyo anavyomwita Saa Moja. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na yeye alikuwa anatunga uzi.

"Basi sogea kidogo," akasema, "unanizibia mwanga."

Nilimwendea Saa Moja karakana siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, nayo yalipangwa vizuri, maana hilo ndilo ninalolijua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akikung'uta glavu zake ukutani.

"Barua yako nimeisoma mara mbili," akasema. "Kiswahili chake kimenyooka. Lakini kurasa mbili nzima, mwanangu, hakuna mahali umeuliza kama bomba limezibwa."



Nimeiomba kamati ya utumishi iiondoe barua. Nimekwenda mara tatu, nimebishana kwa kila hoja niliyonayo, na safari hii sikuona raha yoyote katika kubishana. Kamati imenisomea kanuni: barua ya onyo hukaa ndani ya jalada miezi kumi na miwili, na haiondolewi hata kwa ombi la aliyeiandika. Hii ina miezi mitano. Naiona kanuni hiyo haina macho, na nimesema hivyo kwa maandishi. Lakini lazima nikiri kwamba ni aina ya kanuni ambayo mwaka jana ningeitetea kwa majedwali.

Yaliyowezekana ni machache. Kuanzia tarehe mosi Julai, taka za Mtaa wa Ngazi zitazolewa Jumatatu na Alhamisi, siku zisizo za maji, na wapakiaji watapanda hadi mlango wa mwisho kama zamani. Fomu za bomba linalovuja hazitapita tena kwenye meza yangu. Zitakwenda moja kwa moja kwa mafundi. Mabadiliko yote mawili yamenakiliwa kutoka kwenye maneno aliyoyasema mkutanoni akiwa na kofia mkononi, na safari hii waraka umetaja nani aliyeyasema. Kanuni iliyokataa kuondoa barua haikatazi kuongeza karatasi, kwa hiyo wasifu huu, baada ya kuchapishwa katika jarida hili la idara, utaingia ndani ya jalada lake na kukaa juu ya barua. Atakayelifungua ataanza kusoma hapa.

Kwa wenzangu mtakaokuwa ukumbini, nina ombi moja. Orodha ya vyeti itakapokuwa inasomwa, mtasikia majina ya wastaafu wengine wawili, kisha mkurugenzi atafunga faili. Msidhani jina limerukwa kwa bahati mbaya, wala msimtazame yeye. Nitakuwa nimekaa mstari wa pili, kiti cha mwisho kulia. Nitazameni mimi.

Na kwako wewe, Mzee wetu: ahsante kwa kaya arobaini na moja ulizozifahamu kwa mifuko yao na kuzitunzia siri zao. Ahsante kwa fomu mia mbili na kumi na mbili, na hasa kwa zile mbili za mwisho. Shukrani zetu zimfikie pia mama wa nyumbani kwako, aliyekupashia moto maji ya kuoga kila mchana kwa miaka yote hiyo na ambaye, tunajua, alistahili kukiona hicho cheti kuliko yeyote kati yetu. Tunakuombea afya ya magoti, asubuhi za kulala mpaka jua liingie dirishani, na wajukuu wanaosikiliza unaposema. Uwe na maisha mema, na utusamehe kwa wakati wako, si kwa ratiba yetu.

Ofisa Mipango,
Idara ya Usafi na Maji