Siku Kijiwe Kilipomchagulia Yasmin Lugha ya Kompyuta

Mwaka wa tisini na tisa, wakati kila mwenye chumba cha mbele alishakigeuza duka, Bibi Pili alikuwa akiuza kahawa na kashata kwenye kona moja ya Mji Mpya, Morogoro. Kusoma hakujua, ila sauti za watu alizitunza kama wengine wanavyotunza barua. Siku hiyo mjukuu wake Yasmin alisimama kando ya benchi na fomu ya kituo cha kompyuta kilichofunguliwa juu ya duka la vitambaa. Kulikuwa na lugha nne za kuandikia programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata: COBOL, C, Java na Pascal. Achague moja, airudishe fomu kabla ya saa kumi. Karo ilitoka kwenye pilipili manga ya mjomba wake kule Matombo. Akishindwa, hapakuwa na karo ya pili.

Benchi, yaani wanywaji kahawa wa kijiwe hicho, likajitwisha kazi hiyo bila kuombwa.

Muuza mitumba waliyemwita Soko Huria alitaka Java, kwa kuwa ndiyo mpya, imetoka kwenye belo sasa hivi.

— Kipya kinyemi ingawa kidonda, akasema.

— Kidonda umpe mtoto wa mwenzio? akauliza Bibi Pili.

Satelaiti, fundi redio, akasema C. Jina herufi moja, basi hata masomo yake mafupi. Tena ndiyo inayoshikilia ndege angani, na Yasmin akiiva ataweza kuyavuta mawingu yaliyolala Uluguru ayamwage mjini siku bomba zikikauka.

— Maji yakimwagika hayazoleki, akamalizia.

— Sasa si ndiyo umeharibu, mshkaji, akasema Soko Huria.

Mzee Faili alingoja wamalize kucheka. Alikuwa karani, akapunguzwa kazini shirika lilipouzwa. Kalamu ya ofisi bado ilikaa mfukoni mwa shati lake. Alisema COBOL. Aliiona Dar, ndani ya mashine kubwa kama bweni, ikitoa mishahara ya watu wote wa shirika.

— Majina yetu bado yamo mle, akasema. Mtoto akijua kuifungua, tutaitwa tena. Mmoja mmoja.

Bibi Pili alimwona Yasmin akimtazama mzee kwa huruma, kidole kikishuka kwenye fomu kuelekea COBOL. Akakumbuka sauti ya marehemu mama yake: huruma ni kuni nzuri, lakini usiipikie chakula cha mtoto.

Ndipo akatokea Stambuli, mwanawe na mjomba wa Yasmin, ameteremka kutoka Matombo na mkungu wa ndizi begani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Tua mzigo, uamue shauri.

Wakamweleza yote, kila mmoja akivutia kwake. Kisha wakamgeukia, maana kwa Waluguru mjomba akisema, limesemwa. Stambuli akajikuna shingo.

— Mimi kompyuta siijui. Ila nilipanda vanila. Ikachanua vizuri, maua yakapukutika bila tunda. Kumbe ua lake linachavushwa kwa mkono, na aliyeniuzia miche alishaondoka. Mlima mzima sikuwa na wa kumwuliza.

Akalitazama benchi.

— Hizo lugha zenu, huyu akikwama jioni, anabisha hodi mlango gani?

Soko Huria akachungulia kikombe chake. Satelaiti akachezea bisibisi.

— Kwa dada Juliana, akasema Yasmin polepole. Yule mwanafunzi wa chuo cha Mazimbu anayenunua kashata Jumamosi. Yeye anasoma Pascal. Aliniambia nikikwama niende.

— Na wewe unaitaka?

— Alinionyesha kidogo, mjomba. Nikasahau kula.

Mzee Faili akachomoa kalamu ambayo kijiwe hakijapata kuiona nje ya mfuko. Akaijaribu kiganjani, kavu. Akaisugua baina ya viganja, akaipulizia pumzi, mpaka ikatoa mstari wa buluu, akampa Yasmin.

— Weka Pascal, mama, akasema. Sisi tuliopunguzwa tumeshazoea kungoja.

Wakasogea, Yasmin akaketi kwenye benchi kwa mara ya kwanza, akaweka alama yake. Bibi Pili akainamisha birika juu ya kikombe cha mzee. Kahawa ilikuwa imebaki ya kikombe kimoja tu, na siku hiyo hakuna aliyeigombea.