Historia ya Mwalimu Mwinyimvua bin Bwanausi, na Salamu Alizopewa Mandvi

Wazee wetu, masheikh, majirani wa Dunda na ndugu mliotoka Mapinga tangu asubuhi, familia ya marehemu inawashukuru kwa kuja, na inaomba subira yenu kidogo kabla jeneza halijainuliwa. Mmekwisha kuulizwa, kama ilivyo desturi yetu, iwapo yuko anayemdai marehemu, na waliokuwa na neno wamelisema. Liko deni moja ambalo kwa miaka ishirini na mitano hakulijua mtu isipokuwa yeye mwenyewe, wala si la fedha. Ni salamu alizopewa azilete katika mji huu mwaka 1932, hakuzileta, na katika ugonjwa wake aliagiza zifikishwe kabla hajazikwa. Kwa hiyo historia hii inasomwa nzima, pamoja na mahali pasipomsifu.

Marehemu alizaliwa Mapinga, mwezi wa Mfunguo Mosi mwaka 1323 wa Hijra, ambao kwa hesabu ya serikali ni mwisho wa mwaka 1905, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Bwanausi bin Mwinyijuma, mkulima wa minazi na muhogo, na wa Bibi Mwanahija binti Mtoro. Alifuatiwa na mdogo wake mmoja, mzee Mwishehe, ambaye mnamwona hapa. Mwaka 1912 aliletwa hapa Dunda, Bagamoyo, kwa mjomba wake ili asome chuoni, akahitimu msahafu mwaka 1917, mwaka mmoja baada ya Waingereza kuuchukua mji, na kuanzia 1920 hadi 1923 akasoma katika shule ya serikali, akajua hesabu na herufi za Kizungu.

Mwezi Julai 1923 aliajiriwa katika duka la nguo la mzee Kassam, Mhindi wa Kachi, akawa anapima kitambaa na kuandika barua. Kwa kuwa dukani mle watu wa nyumba ile walisema Kikachi tangu kufungua mlango hadi kuufunga, baada ya miaka mitatu naye alikisema, kwanza kwa kuwaigiza kwa mzaha, kisha kwa haja. Ndicho kilichompeleka Bara Hindi. Mzee Kassam alikuwa amewaeleza wazee wa mji kwamba kwao Mandvi, bandari ya nchi ya Kachi, wako watu weusi waitwao Masidi, ambao mababu zao walichukuliwa kutoka pwani hii wakiwa watumwa, kwamba ni Waislamu, lakini watoto wao hawana mwalimu wa kuwasomesha. Sheikh Hamed bin Hamoudi akakusanya wazee, wakakubaliana kumpeleka mwalimu, na marehemu, akiwa na miaka ishirini na miwili na hajaoa, akachaguliwa. Alipewa kazi mbili, kusomesha watoto na kuwafanya watu wale waache ngoma waliyoipiga kila Alhamisi penye kaburi la walii wao.

Aliondoka Bagamoyo Jumatatu tarehe 6 Februari 1928, akapanda meli Dar es Salaam hadi Bombei, na Ijumaa tarehe 9 Machi akashuka Mandvi, siku ya kumi na saba ya Ramadhani. Safari ile ilidumu miaka minne na ziada, na kila alipoizungumza, kwa wanafunzi au kwa wanawe, alianza na futari ya siku ile, mkate wa uwele ulio moto, siagi, na maziwa ya mtindi katika bakuli la shaba, alivyoandaliwa na kikongwe mmoja aliyeitwa Bibi Khairat, ambaye alimtazama anavyokula, kisha akamhesabia vipande vya mkate kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, nne, tano, akanyamaza. Hayo tu ndiyo Bibi Khairat aliyofundishwa utotoni na bibi yake. Marehemu akamtajia sita hadi kumi, na tangu siku hiyo Bibi Khairat akawa anahesabu kila kitu kilichopita mbele ya mlango wake, mbuzi, watu, ndoo za maji, hata majirani wakamwomba mwalimu amfundishe neno jingine, hilo la kuhesabu limewachosha.

Alhamisi ya kwanza baada ya sikukuu, marehemu alisimama penye kaburi akawahutubia watu waache ngoma. Alieleza baadaye kwamba hotuba ilikuwa ndefu na yenye dalili nyingi, wakamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, ndipo Bibi Khairat akasema, "Mjukuu wangu, umekula futari yangu siku zote hizi, leo umepata nguvu za kunikataza?" Watu wakacheka, naye akacheka, na ngoma ikapigwa. Hakuhutubu tena juu ya jambo hilo. Alhamisi zilizofuata alikaa pembeni, kisha akakaa karibu, na kufikia mwaka wa pili alikuwa akishika chapuo, ile ngoma ndogo, akifundishwa na mwenye ngoma zile, Abdala.

Abdala alikuwa rika lake, mwendesha ngamia, akibeba magogo kupeleka mahali pa kuundia vyombo vya baharini kando ya mto. Ndiye rafiki aliyempenda kuliko wote katika maisha yake, na tunalisema hili mbele ya marafiki zake wa hapa bila kuogopa, kwa kuwa mwenyewe aliwaambia. Abdala alimpandisha juu ya ngamia mara tatu, mara zote akaanguka, na mara ya tatu akamwinua akimkung'uta mchanga, akasema, "Mwalimu, ngamia amekuuliza mas'ala, umeshindwa." Marehemu akamjibu, "Mlete chuoni kesho, nitampiga bakora." Katika baridi ya Januari, ambayo marehemu hakuwahi kuijua, Abdala alimletea blanketi la kwake na kusema kwamba yeye halihitaji, na ilipita miezi kabla marehemu hajagundua kwamba rafiki yake alikuwa akilala kati ya ngamia wake wawili apate joto. Katika miaka hiyo alisomesha watoto thelathini na mmoja, ishirini na wawili wakahitimu, na binti wa Abdala alikuwa wa kwanza wao.

Bibi Khairat alifariki Novemba 1931, marehemu akamsomea yeye mwenyewe. Mwezi Aprili 1932, muda wake ulipokwisha, watu wa Mandvi walimsindikiza hadi gatini, na Abdala akamkabidhi lile chapuo, akasema, "Hii ni ya kwenu. Wazee wetu waliondoka huko na mikono imefungwa, hawakubeba kitu, hii waliibeba kichwani wakaja kuichonga huku. Wape watu wa mji wako, uwaambie Abdala na watu wa Mandvi wanawasalimu, tuko hai, tumezaana, na hii tunaipiga bado. Watakachojibu, niandikie." Marehemu akaahidi.

Aliingia Bagamoyo Jumamosi tarehe 14 Mei 1932. Wako hapa wazee waliokuwapo forodhani siku ile, nao wanakumbuka jinsi Sheikh Hamed alivyoliona chapuo mkononi mwake, akalichukua, akaliinua juu na kupaza sauti, "Wameiacha! Wameitoa kwa mikono yao!" Watu wakaleta takbiri, wakambeba mwalimu mabegani mpaka Dunda. Marehemu hakusema uongo siku ile, hakusema neno lolote. Alimwambia binti yake Ashatu kwamba alidhani atalisema kesho yake, lakini kesho yake akakabidhiwa madrasa hii ya Dunda kuwa ni heshima ya kazi aliyoifanya, na keshokutwa chapuo likatundikwa katika baraza ya Sheikh, likawa linaonyeshwa kwa wageni.

Tarehe 17 Machi 1933, siku ya Ijumaa, alimwoa Bibi Mwaija binti Haji wa hapahapa Dunda, wakaishi pamoja miaka ishirini na minne, wakajaliwa watoto watatu, Ashatu, aliyezaliwa 1934, Mwinyijuma, aliyezaliwa 1937, na Khairat, aliyezaliwa 1941, na sasa mnajua jina hilo lilitoka wapi. Alifundisha madrasa hii miaka ishirini na mitano, akahitimisha wanafunzi zaidi ya mia tatu, na wengi wenu mliojipanga kubeba jeneza mmepita mikononi mwake na katika bakora yake. Ubena, alikokwenda kila mwaka mwezi wa Rajabu, alianzisha chuo kingine ambacho kipo mpaka leo.

Katika miaka hiyo barua za Abdala zilikuja, zikiandikwa na yule binti yake aliyehitimu. Ziko kumi na moja, Ashatu anazo. Kila moja ina habari za ngamia, za ndoa na vifo, na kila moja, isipokuwa ya mwisho, inamalizia kwa kuuliza, salamu zilifika? Watu walijibu nini? Marehemu alizijibu hizo kumi, akaeleza mvua, mavuno na watoto wake, na swali lile hakuligusa. Barua ya mwisho ni ya Januari 1948, nayo inasema, "Ndugu yangu, sitakuuliza tena. Nimefahamu kwamba watu wa kwenu hawakupenda kutujibu, nawe waona haya kuniambia. Usiwe na huzuni kwa ajili yetu." Baada ya barua hiyo marehemu hakuandika tena. Mkewe anasema ni tangu mwaka huo alipoanza kukataa kualikwa katika baraza ya Sheikh, akisingizia miguu.

Alianza kuugua mwezi Machi mwaka huu wa 1957, akatibiwa katika hospitali ya serikali hapa Bagamoyo, kisha Dar es Salaam, ikaonekana ni figo. Mwezi Juni mtoto wa mzee Kassam alirudi kutoka Mandvi, akaja kumtazama, akamweleza kwamba Abdala yu hai, macho yamepungua nguvu, na akitajiwa Bagamoyo husema ni mji wa watu wenye kiburi. Alipoondoka mgeni, marehemu alimwita Ashatu akamweleza yote, akamtaka aandike.

Jambo hili halikupita kwa urahisi nyumbani. Mzee Mwishehe alisema, "Mnataka watu wamcheke kaka yangu mpaka kaburini? Maiti hana mdomo wa kujitetea." Ashatu akamjibu, "Ami, wanaodharauliwa sasa kule Mandvi ni sisi watu wa Bagamoyo, wala mji haujui ni kwa nini. Ameagiza yeye mwenyewe, akiwa na akili zake." Mzee Mwishehe akasema kwamba hatakubali mpaka Sheikh Hamed akubali, kwa kuwa jina la Sheikh nalo limo. Basi Ashatu akaenda kwa Sheikh, akamwamkia, akamsomea aliyoyaandika kuanzia mwanzo. Sheikh akasema, "Mwanangu, mimi ndiye niliyepiga kelele pale forodhani. Sikumuuliza. Mtu ametoka safari ya miaka minne, sikumuuliza hata hujambo." Akainuka kwa shida, akalitoa chapuo ukutani kwa mkono wake, akampa. Kisha akasema, "Someni. Na mimi nitakuwapo." Yupo, mnamwona.

Wiki iliyopita marehemu alisomewa maandishi haya, akasahihisha tarehe mbili, akaondoa sifa tatu. Amefariki leo, Jumanne tarehe 8 Oktoba 1957, alfajiri, akiwa na mkewe na watoto wake wote watatu, bila mashaka makubwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bagamoyo na Dar es Salaam, walimu wenzake wa Dunda na Ubena walioshika madarasa yake tangu Machi, majirani waliopika na kuchota maji bila kuombwa, nyumba ya mzee Kassam, na Sheikh Hamed bin Hamoudi. Inawaomba radhi wote ambao marehemu aliwakosea, na wale waliombeba mabegani mwaka 1932 kwa jambo ambalo halikuwa.

Limebaki alilotuagiza. Tafadhalini simameni.

Assalaam alaykum, watu wa Bagamoyo. Wanaowasalimu ni Abdala, mwendesha ngamia, na watu wake wa Mandvi. Wanasema wako hai, wamezaana, na ngoma waliyoondoka nayo hapa vichwani wanaipiga bado. Wanauliza mnajibu nini.

Jibuni kwa sauti, na kina mama walio ndani nao wajibu. Ashatu ameshika kalamu, na barua itaondoka kwa posta ya kesho.

Mwalimu, umesikia. Hakuna tena anayekudai. Lala, tulia, Mola akupokee.