Mama Restuta na Viti vya Bluu

Wazee wetu shikamooni, majirani na jamaa poleni na msiba, sisi wanawe tunaomba mtusikilize kidogo, tuwasimulie maisha ya mama yetu Restuta Ignas Lipangile, ambaye hapa Katindiuka wengi mlimwita Mama Apolonia, au Fundi.

Mama alizaliwa Idete tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mzee Ignas na bibi Kandida, wakulima wa mpunga, akasoma shule ya msingi hapo hapo Idete toka mwaka 1969 hadi 1975, kisha akajifunza cherehani kwa shangazi yake Ifakara mjini, na hakuiacha tena, hata nusu ya watoto wa mtaa huu wamevaa sare zake, na suruali ikibana alikusema wewe mzazi kwa kumshindilia mtoto ugali, mkasi wake haukosei. Tarehe 5 Juni 1982 alifunga ndoa na baba yetu Theodori, aliyetangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto watatu, Apolonia, Agapiti na Gladness, na wajukuu saba, mmoja wao Sikitu, binti wa Apolonia, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2006.

Sikitu alikuwa na kifafa, dawa zilimtuliza lakini hazikumponya, na Agosti 2015 watu wa nyumba moja ya maombi ya hapa kwetu walishauri akalale kambini kwao aombewe, mama akakubali kwa moyo mweupe, akamshonea gauni jipya, akamfungia vidonge vyake kwenye begi. Tarehe 23 Agosti mtoto alirudishwa amefunikwa shuka, begi likarudi na vidonge vyote, maana kule kumeza dawa kulihesabiwa kukosa imani. Jamani, mtoto wa miaka tisa!

Mama alipokwenda kushtaki aliambiwa mtoto alipelekwa kwa hiari, na alipouliza nani hukagua kambi zile aliambiwa kile si kituo cha kulelea watoto, ni nyumba ya ibada, na mambo ya ibada yana wenyewe. Tangu siku hiyo mama alikuwa na ombi moja tu kwa serikali, kwamba sheria iseme wazi, yeyote anayelaza watoto kwa jina la dini yoyote akaguliwe kama wengine, na anayemnyima mtoto dawa ashtakiwe. Alianzia mtaa, akaenda kata, halmashauri, mkoa, na mara tatu akafika Dodoma na akina mama wenzake, wakakaribishwa chai, wakasifiwa kwa uzalendo, wakapigwa picha, wakaambiwa linafanyiwa kazi. Alirudi, akakaa kwenye cherehani, akalia.

Wengi mlimwona misibani amesimama saa zote, miguu imevimba, wengine mkasema anaringa, kumbe viti vya bluu vinavyoazimwa mtaani kwetu ni vya nyumba ile ile, naye aliapa hatavikalia mpaka sheria ipite.

Novemba 2024 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa hapa Ifakara, akapata nafuu, akazidiwa tena, na tarehe 27 Machi 2025 alfajiri akafariki. Juzi tulihangaika kutafuta viti kwingine, hadi Kisawasawa tulituma watu, hatukupata vya kutosha, mvua nayo ndiyo hii, na wazee wakatuuliza kama tunataka kuwakalisha wageni kwenye tope, tukaenda kuviazima vile vya bluu. Kwa hiyo hivyo mlivyokalia ndivyo hivyo, kambi bado ipo, watoto bado wanalala kule, na sheria hatujui imefika wapi.

Tunawashukuru sana madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kukesha nasi, mafundi wenzake mliofunga vibanda vyenu leo, na wale akina mama wa safari za Dodoma.

Sasa tunaomba, kila mwenye nguvu asimame, aache kiti, tumuage.

Wewe kaa sasa, mama, umesimama vya kutosha, upumzike kwa amani.