Mama Vigingi, Aliyeanzia Nyuma Pamoja na Wanaume

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kama Mama Vigingi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kitinda mimba wa watoto watano wa mkata nyasi wa kiwanja cha gofu. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya ghala la mashine, na mipira iliyopotea iliangukia bati la paa. Dada yake mkubwa, aliyeandika haya, ndiye aliyembeba mgongoni.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975 na kidato cha nne 1979. Mwaka 1980 aliajiriwa hapo hapo kiwanjani kusafisha fimbo za wanachama, na jioni akajifunza kuzitumia. Mwaka 1988 akawa mchezaji wa kulipwa. Alishinda mashindano ya wanawake mara kumi na moja, mpaka watu wakaanza kubishana kama angeweza kusimama na wanaume. Yeye alisema wamwalike kwanza, ubishi baadaye.

Aliolewa na seremala, mtu wa subira, Jumanne tarehe 6 Novemba 1990. Ilikuwa Jumanne kwa sababu Jumamosi bibi harusi alikuwa na mchezo.

Agosti 1999 alialikwa kucheza na wanaume. Waandaaji, kwa nia njema, walitaka aanzie kwenye vigingi vyekundu vya wanawake, vilivyo mbele, karibu na shimo. Alikataa. Alitaka vyeupe, kule nyuma wanakoanzia wanaume. Mchezaji mmoja akamtania, "Dada, vyako vile kule mbele, utajichosha bure."

Akamjibu, "Kaka, tangulia wewe. Mimi sina haraka."

Siku ya kwanza alikuwa wa kumi na tisa kati ya watu mia na ishirini. Siku ya pili, siku ya mchujo, alitoka shimo la sita na furaha yake, na miguu ikampeleka yenyewe kwenye vigingi vyekundu vya shimo la saba, alivyovizoea miaka yote ile. Akapiga, mpira ukanyooka kama uzi. Hakuna aliyepiga makofi. Ukianzia pasipo pako unaongezewa mapigo mawili, na katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Akaongezewa, akarudi nyuma, akaanza upya. Alikosa kuvuka mchujo kwa pigo moja tu, hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Waliokuwa wakisema mwanamke hawezi wakapata la kusema. Mumewe alimkuta jikoni hajavua viatu. Marehemu akamwambia, "Mkono haukushindwa. Miguu ndiyo iliyozoea."

Tangu hapo alifundisha wasichana, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa vigingi vyekundu mazoezini. Wazazi walinung'unika kwamba anawaonea watoto, wakambandika jina hilo la Mama Vigingi. Alilipenda.

Februari 2024 aligundulika na kansa ya kongosho, akalazwa mara tatu. Ijumaa tarehe 31 Mei binti yake mkubwa alimletea habari kitandani: mwanafunzi wake amecheza na wanaume, na amevuka mchujo.

"Alianzia wapi?" marehemu akauliza.

"Nyuma, mama, pamoja nao."

"Na la saba?"

"Nyuma."

Akaomba chai, akainywa yote. Alifariki Jumapili tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, dada yake mkubwa na wanafunzi thelathini na wanne. Apumzike kwa amani mdogo wetu. Ametangulia yeye, sisi hatuna haraka.