Makofi ya Jumapili Ile: Maisha ya Kaka Yetu, Mpiga Fidla

Ndugu, majirani na marafiki, huyu tunayemlaza leo alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa tatu kati ya wanne wa baba yetu seremala na mama yetu mkunga. Wengi mlimwita Nyuzi. Mimi ninayesoma ni dada yake, kitinda mimba.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1965, akamaliza sekondari 1975. Fidla aliipata akiwa na miaka tisa: ilikuwa imepasuka tumbo, shule ya muziki ikaitupa, baba akaiunga kwa gundi ya mbao. Alifanya mazoezi stoo, katikati ya mbao, kipande kimoja tangu anapotoka shule hadi chakula kinapoiva. Fundi cherehani wa jirani alikizoea kipande hicho hata akawa anakipiga mluzi huku akishona. Kila alipokosea, kaka alitoka stoo kwenda kumsahihisha. Fundi yule alimwita "mwalimu" hadi uzeeni.

Mwaka 1981 aliajiriwa na okestra ya jiji, akaitumikia miaka thelathini na minne. Watu walipomwambia kipaji chake ni cha kuzaliwa, aliwaonyesha sugu za vidole vya mkono wa kushoto. Maneno hayo aliyachukia. Alisema ni njia ya adabu ya kumwambia mtu kwamba hakufanya kazi.

Tarehe 17 Agosti 1985 alimwoa wifi yangu, muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili. Wifi hakuupenda muziki ule hata siku moja, wala hakuficha. Kaka alidai ndiyo maana nyumba yao ilikuwa na utulivu.

Februari 2014, akiwa mzima wa afya, alipiga peke yake, katika ukumbi wa okestra, tungo aliyoifanyia mazoezi miaka sita. Sijapata kumsikia akipiga vizuri vile. Watu walikohoa, wakachezea simu, wengine wakatoka mapema kuwahi magari. Novemba mwaka huo akagundulika na saratani ya tumbo. Habari zikaenea, na Machi 2015 ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Ilikuwa Jumapili alasiri. Alipanda jukwaani suti ikimning'inia kama imetundikwa kwenye msumari. Akapiga tungo ileile. Vidole vilitetemeka, aliruka mistari, mara mbili akakwama kabisa. Watu walilia. Walisimama wakapiga makofi hadi mikono ikawauma. Gazeti likaandika kwamba maumivu yamemfungulia chemchemi ya kipaji.

Nilimkuta kitandani na gazeti hilo, uso umekunjamana kama aliyeonja kitu kilichooza. Akaniuliza, "Na wewe ulisimama?"

Nikamwambia nilisimama.

"Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu, kaka. Nilikuwa naangalia ulivyokonda."

Alilikunja gazeti. "Basi wewe angalau umesema kweli. Wale walikuja kula mzoga, halafu wananisifu nimepika."

Nilijionea kinyaa siku ile, na bado najionea.

Hakushika tena fidla mbele ya watu. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Oktoba 2015, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa wifi.

Jana msimamizi wa ukumbi alikuja nyumbani na maua, akaomba tuwapigie hapa kanda ya Jumapili ile. Nilimkatalia palepale mlangoni. Tutakayoisikia baada ya maneno haya ni ile ya Februari, aliyoipiga akiwa na nguvu zake. Anayetaka kulia, asikilize kwanza.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, wakubwa zake wawili, na mimi.

Pumzika, kaka, kwa amani isiyo na makofi.